Dina hatatupa magongo yake

Saa mbili asubuhi, Yunisi Stanley yuko kwenye kibaraza cha duka la pembejeo kijijini Sepuka, wilayani Ikungi. Ameegemeza magongo yake ukutani, ameketi chini, anachora kuku kwa rangi ileile aliyoandikia bango la bucha jana.

Kuku wenyewe ni wezi. Wanadokoa alizeti iliyoanikwa kwenye turubai, na msichana anayeitwa Dina, anayetembelea magongo, anawafukuza kwa gongo lake moja. Hicho ndicho kisa chote cha kitabu cha picha alichokibuni Yunisi, mwenye miaka 41. Watoto wakisomewa wanacheka mpaka wanashika mbavu.

Watu wazima ndio wenye shida nacho.

Machi mwaka huu, shirika moja la misaada lilikubali kuchapa nakala mia tano zigawiwe shuleni, kwa sharti moja: ukurasa wa mwisho Dina apone, atupe magongo, akimbie. Walimweleza kwa upole kwamba kitabu cha mtoto lazima kiwe na matumaini.

"Niliwauliza, matumaini ya nini? Dina haumwi, anafukuza kuku," anasema Yunisi. "Nikachukua kitabu changu nikaondoka."

Wangemlipa laki sita. Kwa bango moja hulipwa elfu kumi na tano, na kuna wiki zinapita bila bango hata moja. Mama yake hajamwelewa mpaka leo.

Lakini Yunisi anajua hadithi za namna hiyo zinavyouma. Mwaka jana, darasani kwa Jenifa, mtoto anayetembelea magongo, binti wa jirani yake, kilisomwa kitabu cha mtoto mwenye ulemavu aliyeamka siku moja akakuta miguu imenyooka. Wakati wa mapumziko wenzake walimzunguka Jenifa, wakamuuliza yeye atapona lini. Hawakuwa na ubaya. Walikiamini kitabu.

"Alikaa nyumbani siku tatu," anasema mama yake Jenifa, Ritha Benjamin. "Akaniuliza amekosa nini mpaka yeye haponi."

Inakera, na inatia uchungu. Tunawafundisha watoto kwamba mwenzao hajakamilika mpaka atupe magongo, halafu tunayaita hayo matumaini. Aibu hiyo ni yetu sisi wakubwa.

Sasa Yunisi anachora nakala mojamoja na kuzishona kwa uzi wa magunia. Anataka zifike thelathini kabla shule hazijafunguliwa Julai, zitoshe darasa la Jenifa. Amemaliza tisa.

Ya kwanza alimpa Jenifa mwenyewe. Ukurasa wa mwisho Dina amekaa juu ya gunia la alizeti, magongo yako mapajani, anasubiri mkokoteni uje kulipeleka kwenye mashine ya kukamua mafuta. Jenifa aliweka kidole juu ya lile gunia.

"Shangazi," akauliza, "wale kuku walikula nyingi?"

Hilo ndilo swali Yunisi anataka darasa zima liulize Julai.