Mahubiri Yangu kwa TV ya Jirani

Mimi ni mwalimu wa dini hapa mtaani Kimumu, na kwa miezi mitatu nimekuwa nikiiba WiFi ya jirani. Password niliiotea mara moja tu: ni namba ya simu iliyoandikwa kwa ukuta wa duka lake.

Jirani mwenyewe ni Mama Wairimu. Wakati wa zile fujo za uchaguzi nyumba yake ilichomwa. Sikuichoma mimi, lakini pia sikwenda kumwona kwenye kambi alikokimbilia hata siku moja. Aliporudi akajenga upya, akaweka ua wa mabati katikati yetu, na tangu hapo ni salamu tu.

Basi Jumamosi nikajirekodi kwa simu nikifanya mazoezi ya mahubiri ya kesho, halafu nikataka kurusha hiyo video kwa TV yangu nijione. Simu ikaonyesha neno TV, nikabonyeza bila kufikiri. TV yangu ikakaa giza. Lakini ng'ambo ya mabati nikasikia sauti yangu mwenyewe ikinguruma: "Usiibe! Hata kama jirani haoni, Mungu anaona!"

Akina mama wa chama chao cha kuchangiana pesa waliokuwa kwake wakaangua kicheko. Nikabonyeza kila kitu kwa hiyo simu. Ndio kwanza mhubiri akazidi kupandisha sauti.

Kisha msumari ukang'oka, bati likasogezwa, na uso wa Mama Wairimu ukatokea.

"Mwalimu, kumbe ni wewe uko kwa WiFi yangu," akasema. "Sawa. Sauti yako imeshafika kwangu. Sasa na wewe ingia, chai iko."