Siku Niliyojifungia Garini Katikati ya Maji

Wacha niseme mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine (na mtasikia, kwa sababu nusu ya watu wa Kapseret walikuwa pale na kuna waliorekodi na simu): mimi, mwalimu wa kemia, mzee wa kanisa, baba ya watoto watatu, nililia kwa sauti mbele ya wageni zaidi ya mia, nikiwa nimejifungia ndani ya gari yangu mpya katikati ya maji, na nikakataa katakata kuokolewa. Hiyo aibu bado naibeba. Lakini nyinyi ni watu wangu, kwa hivyo nitawaambia vile ilivyokuwa, bila kujipaka mafuta.

Yote yalianza na hesabu. Nyumba yetu hapa Eldoret iko upande wa chini wa mtaa, karibu na mto, na mvua ya Aprili ikianza barabara yetu inageuka bwawa, na mke wangu Rose, ambaye ni nesi, alikuwa amechoka kwenda kazini na gambuti mguuni na viatu mkononi. Tukakubaliana tununue SUV. Rose alitaka kitu kimoja tu, gari ya kupita kwa maji. Mimi nikachukua daftari, nikachora jedwali kama la maabara, nikaanza kuandika kila gari inaenda kilomita ngapi kwa lita moja, nikawa nasimamisha hata watu nisiowajua kwenye vituo vya petroli kuwauliza, mpaka nikapata moja ndogo, safi, rangi ya fedha, iliyoinuka kidogo kwa macho, na ambayo kwa mafuta haikuwa na mpinzani.

Kabla ya kulipa nilimpelekea fundi wangu, Baraza, aiangalie. Akafungua boneti, akachungulia, akanishika mkono akaniweka kidole kwenye bomba fulani lililoshuka nyuma ya bampa, chini kabisa, usawa wa goti.

"Mwalimu, umeuliza gari inakula nini. Uliza pia inapumulia wapi. Hii pua iko chini kama ya nguruwe. Maji ikifika hapa, injini inakunywa, na injini ikikunywa maji inavunjika mifupa."

Akaniambia pia kwamba inavutwa na magurudumu ya mbele peke yake, na kwamba ile kuinuka ni sura tu. "Hii ni SUV ya kwenda kununua mkate," akasema.

Nikacheka. Nikamwambia nimepiga hesabu. (Mtu aliyepiga hesabu huwezi kumwambia kitu.) Rose naye aliuliza mara moja tu, "Na maji?" Nikamjibu kwamba hii gari itatufikisha Kisumu na kuturudisha kwa mafuta ya bodaboda. Akachukua gambuti zake akaenda kuziosha nje, na mnajua kuna kuosha gambuti ambako ni afadhali ungetukanwa.

Sasa, kuna mzee anaitwa Tuwei, aliyekuwa naibu wa mwalimu mkuu pale shuleni kwetu. Sisi ni watu wa ziwani, tulikuja Eldoret kwa kazi, na baada ya ule uchaguzi wa 2007 vijana waliokuwa wakifukuza watu wa kabila letu walikuja na panga kwa nyumba tuliyokuwa tumekodi, saa tano asubuhi, jua likiwaka, tukatokea mlango wa nyuma na watoto na nguo tulizokuwa tumevaa. Tulilala kituo cha polisi siku sita, kisha lori likatupeleka Kisumu. Mwaka uliofuata nilirudi kazini peke yangu, roho mkononi, nikakuta Mzee Tuwei alikuwa amekwenda kwa ile nyumba na trela ya ng'ombe, akaokota kila kilichobaki, akakiweka kwake. Alinirudishia vitu vyetu mpaka vijiko. Sikuwahi kupata maneno ya kumshukuru. Kwa hivyo alipofanya sherehe ya kustaafu kwake Kapseret, mwaka mmoja mwezi wa Agosti, wakati wa mvua nyingi, na walimu wakanichagua mimi nisome hotuba, niliona hii ndiyo siku yangu. Niliandika hotuba wiki mbili. Nikaosha gari mara mbili asubuhi hiyo hiyo, ati nifike nikionekana mtu aliyesimama tena.

Kabla ya lango la Mzee kuna bonde, na chini ya bonde kuna kalvati ya kupitisha mto chini ya barabara, na maji ya mvua ya usiku yalikuwa yamepanda juu ya kalvati yote. Magari yalikuwa yameegeshwa upande huu, safu nzima, na watu wenye akili zao walikuwa wanapita kwa kidaraja cha mbao cha pembeni, wameinua nguo. Rose akasema tuache gari hapa tutembee, yeye alikuwa amebeba gambuti. Na mimi ningekubali, kweli ningekubali, lakini pikapu moja ya mkulima ikapita mbele yetu, ikaingia majini polepole, ikatoka ng'ambo ikidondosha maji kama ng'ombe aliyetoka kwa dipu ya dawa ya kupe. Nikasema, "Umeona?"

"Nimeona pikapu," akasema Rose. Akafungua mlango, akavaa gambuti zake, akashuka.

Nikaingia peke yangu.

Hema la wageni lilikuwa juu ya mteremko, limeangalia bonde moja kwa moja kama jukwaa la mpira, na mwongozaji wa sherehe, ambaye hakuwa na kazi wakati huo kwa sababu chakula kilikuwa kimechelewa, akaanza kunitangaza kwa kipaza sauti. "Wageni wetu, tazameni bondeni, walimu wanafika, gari safi kabisa, anaingia, anaingia…" Watu wakapiga makofi. Nami (Mungu anisamehe) nikapiga honi kidogo kuwajibu. Hapo ndipo maji yalipopanda juu ya boneti, injini ikakohoa mara moja kama mtu aliyepaliwa, ikanyamaza. Nikapiga ufunguo. Kitu kikagonga ndani, ko. Hiyo ilikuwa mifupa ya Baraza.

Maji yakaanza kuingia chini ya mlango, yakafika vifundoni, baridi kama ya friji. Hata hapo bado ilikuwa ni kichekesho. Nilikuwa nafikiria nitasema nini nikitoka, nilishaanza kutafuta utani wa kujiokoa nao. Hema lote lilikuwa linacheka na mimi mwenyewe nilikuwa karibu kucheka.

Kisha kile kipaza sauti kikasema, "Vijana! Vijana teremkeni haraka! Mtoeni huyo mtu!"

Na wakateremka. Wanaume kama kumi na tano, mbio, wakipiga kelele za kutiana moyo, na walikuwa wametoka kupasua kuni na kukata fito za hema, kwa hivyo wengine walikuwa na panga mkononi, mmoja na fito ndefu, mmoja amezungusha kamba begani. Nawaambia ukweli, sikuona watu wanakuja kunisaidia. Sikuona hata maji. Nilikuwa tena kwa ile nyumba, saa tano asubuhi, na nje ya dirisha kuna sauti inasema maneno hayo hayo, mtoeni. Mkono wangu ukabonyeza kufuli za milango kabla mimi mwenyewe sijauambia. Nikasikia mtu analia, "Tutahama! Tutahama leo! Nipeni tu nafasi nichukue watoto!" Na huyo mtu alikuwa mimi. Dirisha lilikuwa wazi kidogo juu, inchi mbili hivi, na zilitosha watu wote kunisikia.

Kicheko kule juu kilikatika. Kipaza sauti kilibaki wazi, ukisikia tu upepo ndani yake. Wale wanaume walikuwa wamefika majini kiunoni, wakasimama. Mmoja akaangalia panga mkononi mwake kana kwamba amewekewa na mtu mwingine, akageuka, akalirusha nyasini ng'ambo. Wa pili akarusha. Wa tatu pia. Wakainua mikono wazi, na maji yakiwapitia, na mimi bado nilikuwa nimeshika usukani.

Halafu mwenye ndevu kati yao akasogea polepole, akainama kwenye ile nafasi ya dirisha. "Mwalimu," akasema, "ni mimi, Kibet. Ulinifunza chemistry form two. Ulinipea D ya zile hesabu za moles. Hakuna mtu ako na shida na wewe. Ni maji tu, Mwalimu. Tukutoe kwa maji."

Nilimsikia, lakini mkono ulikataa. Aliyeufungua mkono ni Rose. Alikuwa ameingia majini na ile nguo yake ya kitenge ya harusi za watu, gambuti zimejaa, akaweka kiganja kwenye kioo. "Baba Awino," akasema, "niangalie mimi. Usiangalie mwingine. Fungua."

Nikafungua.

Kibet alinibeba mgongoni kama gunia la mahindi, kiatu kimoja kikaenda na mto, na hotuba yangu ikatoka mfukoni ikiwa uji. Pale juu nilitarajia macho, lakini akina mama walikuwa wameshaweka blanketi kwa kiti, na Mzee Tuwei mwenyewe akanishika mkono mpaka ndani ya nyumba yake, akanipa suruali yake na sweta. Yeye ni mfupi. Suruali iliishia katikati ya miguu. Alinisubiri nivae, akasema, "Ungetuambia, Mwalimu." Nikamuuliza, ningewaambia nini? Akasema, "Kwamba ile siku bado iko." Akanifungia kifungo cha sweta ambacho mikono yangu ilishindwa, tukatoka.

Nilisimama mbele ya hao watu na hiyo suruali, bila karatasi, mguu mmoja bila kiatu, na badala ya zile aya zangu za wiki mbili nikawaambia habari ya trela ya ng'ombe na vijiko. Ilichukua dakika tatu hivi. Kuna wazee walioinamisha vichwa. Mwongozaji alikuja baadaye akaniomba msamaha pembeni, bila kipaza sauti, na mimi nikamwambia hakukosa, alisema neno ambalo mtu yeyote angesema.

Jioni wakati wa kuvuta gari kwa trekta, Kibet alisimama karibu nami akikunja kamba. Akasema, bila kuniangalia, "Ile mwaka nilikuwa class seven. Tulikuwa tunakimbia tu nyuma ya wakubwa." Mimi sikumuuliza ni nyuma ya nani, wala mpaka wapi. Nikashika ncha ya pili ya kamba, tukaikunja pamoja.

Baraza alifungua injini, akanionyesha chuma kilichopinda kama ndizi, na kwa heshima yake akapiga tu mluzi. Siku hizi tuna gari nyingine, kuukuu, inakula mafuta kama imetumwa, lakini pua yake iko juu karibu na kioo, na Rose ndiye aliyeichagua.

Kwa hivyo naapa mbele yenu: sitaingia tena kwa maji nisiyojua kina chake kwa sababu pikapu ya mtu mwingine imepita. Hiyo ya gari naweza kuapa. Ile nyingine, ya woga, siwezi, ningewadanganya. Ila sasa Rose anajua, Kibet anajua, na nyinyi mnajua, na nikisikia watu wanakimbia nyuma yangu barabarani, bado moyo unaruka, lakini nasimama, nageuka kwanza, nione ni akina nani.