Zamu ya Kuinga Ndege

Enzi zetu, mpunga ukianza kukomaa, nusu ya Ifakara ilihamia shambani. Mbele masufuria, mikeka na kuku wawili watatu, nyuma sisi watoto na madumu ya maji. Kazi yetu ilikuwa moja, kuinga ndege wasile mpunga. Unapanda juu ya dungu jua halijachomoza, unavuta kamba za makopo mpaka viganja vinachubuka, unapiga kelele mpaka sauti inakauka. Watoto wa siku hizi ukiwapandisha dunguni watauliza kwanza simu inachajiwa wapi. Sisi tulitosheka na pepeta, mpunga mbichi uliokaangwa na kutwangwa, tukiutafuna ungali moto.

Shamba letu lilipakana na la kina Yustina, rafiki yangu. Tulipeana zamu: mmoja anainga mashamba yote mawili, mwingine anapumzika. Mchana mmoja Yustina alimpelekea bibi yake chakula, zamu ikawa yangu. Nikawasikia wenzetu mtoni wakishangilia perege. Nikajiambia naenda mara moja tu. Niliporudi, kwelea kwelea walikuwa wametanda kwa kina Yustina, na masuke yamebaki makapi matupu.

Baba yake alipouliza zamu ilikuwa ya nani, nikasema ya Yustina. Nilisema bila kupepesa macho. Yustina alichapwa. Mwaka ule kwao chakula hakikutosha, akatolewa shule na kupelekwa Mlimba kwa shangazi yake, kulea mtoto. Mama yake alisimama kwenye tuta la jaruba, akatutazama watoto wote, akasema polepole, "Mimi sikuwepo. Namwachia Mungu, na Mungu si Athumani."

Tangu siku hiyo, radi ikipiga nilijificha uvunguni. Mama alidhani naogopa radi.

Sasa nina wajukuu, na ndimi mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisa hapa Lumemo. Mwaka huu nimezushiwa kwamba nimesogeza mpaka wa shamba la mjane jirani yangu. Ni uongo, sikugusa hata jani. Zamani umbea uliishia kisimani. Siku hizi unaingia kwenye grupu la simu, na kabla chai haijapoa hata Uchindile wanazo habari. Nimejieleza mpaka nimechoka, hakuna anayeniamini. Kina mama wenzangu wawili watatu waliobaki upande wangu wakanishauri nimwachie Mungu.

Nikapiga magoti nimwombe anipekue, aone kama nina hatia. Ulimi ukagoma. Nilijua akianza kupekua ataanzia wapi. Siku tatu nikawa nazunguka uani nafagia palipokwisha kufagiliwa.

Juzi nikaenda Kisawasawa, anakoishi Yustina. Nilimkuta ameanika mpunga, anaugeuza kwa mguu. Alinikaribisha kiti, sikukaa.

"Yustina, siku ile ya ndege zamu ilikuwa yangu."

Hakusimamisha mguu. "Najua. Nilikuona mtoni nikitoka kwa bibi."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema, dada. Walikuamini wewe."

Nilikuwa nimepanga kumweleza habari za mpaka, jinsi ninavyoonewa. Niliyaacha hayo. Nilimwomba msamaha, akasema amesikia, akaenda kuniletea maji. Kama amenisamehe, hakuniambia, nami sikuthubutu kuuliza.

Nimerudi nyumbani na grupu bado linawaka. Leo asubuhi nimepiga magoti tena na maneno yametoka: nipekue, Bwana, kote. Utotoni nilimkimbia Mungu kwa sababu anaona. Leo ndiye peke yake aliyeona kwamba mpaka ule sikuugusa, na ndiye aliyeniona mtoni. Nimejipeleka kwake na yote mawili, nami bado naogopa.