Babu Anadai Mate Yake

Usiku ule nilikwenda kulala nimemkasirikia babu yangu, ambaye tulimzika zamani. Ni ujinga kidogo kwa mtu mwenye shahada mbili kumnunia marehemu, kwa sababu marehemu hana nafasi ya kujitetea. Ndivyo nilivyodhani.

Hasira ilianza alasiri, barua pepe ya maabara ilipoingia. Chanzo chake kilikuwa Desemba. Mwanamume akifika umri wangu hutafuta kitu cha kushika: wengine hununua pikipiki kubwa, wengine hurudi kanisani na kuimba kwa sauti nzito. Mimi nilianzisha Mradi wa Jina la Ukoo. Wanaume wenye jina moja la ukoo wanatema mate kwenye vichupa, vichupa vinapelekwa maabara nje ya nchi, na wataalamu wanalinganisha vinasaba ambavyo baba humrithisha mwana wa kiume. Mwisho unajua kama wote mnaojiita hivyo mmetokana na mtu mmoja. Jina letu sitalitaja hapa. Limeshateseka vya kutosha.

Sisi Wachagga Krismasi hupanda mlimani, kwa hiyo niliwapata wote pamoja, kwenye nyumba ya zamani ya Babu. Nyumba hiyo anakaa Baba mdogo Ndewario. Ndiye mtoto wa mwisho, na kwetu mtoto wa mwisho ndiye anayebaki na wazazi na kurithi nyumba yao na kihamba chao, yaani shamba la migomba na kahawa ambamo pia tunazikana. Maagizo ya vichupa yalisema mtu asile wala asinywe chochote kwa nusu saa kabla ya kutema. Nusu saa, mlimani, Krismasi, na pipa la mbege, pombe yetu ya ndizi, limefunguliwa uani! Mate ya watu wanane yalinichukua siku mbili.

"Wanaume peke yao?" aliuliza Shangazi Aikaeli, akiwa ameshika kisu cha kukatia ndizi. "Na sisi tuliowazaa tutemee wapi?"

Watu wakacheka. Mimi nikamweleza habari za vinasaba vya njia ya baba, kwa sauti ile ninayotumia kwenye semina. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sawa, msomi. Sogea nipite."

Binamu yangu Gilbert, mtoto wa baba mkubwa, alikuwa wa kwanza kutema. Nilimsifu mbele ya watu kwa moyo wake wa kupenda historia. Baba mdogo alikuwa wa mwisho, kwa sababu alikuwa anakamua ng'ombe. Alipokea kichupa, akakitazama dhidi ya mwanga.

"Mwanangu, hiki kinatafuta nini?"

"Historia tu, Baba mdogo. Tulikotoka."

"Si tulitoka hapa hapa?" Akacheka, akatema mpaka akapita mstari uliochorwa. "Kama hayatoshi, useme."

Sasa majibu yalikuwa mbele yangu. Watu saba mstari mmoja. Wa nane, Baba mdogo Ndewario, mstari mwingine kabisa.

Nilimpigia Shangazi. Hakushtuka hata kidogo. Aliniambia kwamba bibi yangu alipofariki, Babu alimwoa mjane mmoja kutoka ng'ambo ya mto, naye alikuja na mtoto mchanga mgongoni. Huyo mtoto ndiye Ndewario. "Wakubwa wote tunajua," alisema. "Wewe ulikuwa unatafuta nini huko?"

Nilikata simu bila kuaga. Walijua! Wameniacha nizunguke na vichupa kama muuza manukato, na hakuna aliyefungua mdomo. Babu zaidi ya wote. Alinikalisha kwenye paja lake akanifundisha majina ya mababu tisa, na hili akalimeza.

Hapo ujumbe wa Gilbert ukaingia. "Mratibu, majibu yakitoka rusha kundini. Jumamosi kuna kikao cha ukoo. Asiye wetu ajijue mapema, kihamba kirudi kwa wenyewe." Barabara ya lami imefika pale mwaka jana, na Gilbert anataka kujenga nyumba ya wageni. Nilielewa, kwa kuchelewa kama kawaida yangu, alikotoa ule moyo wa kupenda historia. Nikamjibu kwamba hilo jambo ni zito. Akaandika: "Bro, sayansi haina upendeleo. Si ulisema mwenyewe?"

Nilisema mwenyewe. Kwa hiyo, kwa kiburi na kwa hasira ya kufichwa, niliandika ujumbe wa kundi la ukoo. Nilichora hata jedwali. Majina manane, na mbele ya la nane alama nyekundu. Nilibakiza kubonyeza tu. Nikajiambia nitatuma asubuhi, ukweli haulali. Nikaweka simu mezani, nikalala mimi.

Nilikuwa kwenye ukumbi wa mihadhara wa chuo chetu, mchana wa jua kali, nimesimama mbele ya ubao nimevaa kaptura ya shule ya msingi. Hakuna aliyecheka. Kwenye viti walikaa watu ambao makaburi yao nayajua yalipo, chini ya mgomba upi. Babu alikaa mstari wa mbele na koti lake la kahawia, lile lenye kifungo cha juu kilichokatika.

"Kama mnavyoona kwenye jedwali," nilisema.

Babu akainuka. Niligeuka nionyeshe ubaoni, na ubao ni ukuta wa banda la ng'ombe. Tuko uani. Ni asubuhi, moshi wa jikoni unapanda, pipa la mbege liko wazi. Wanaume wa ukoo wamepanga mstari, nami nimo, na Gilbert yumo na tumbo lake lote. Mwishoni mwa mstari amesimama mwanamke nisiyemjua, na mgongoni kwake mtoto mchanga amelala. Najua kwamba ni Baba mdogo, kama mtu anavyojua mambo ndotoni bila kuambiwa.

Babu ameshika kata. Kwetu mtoto haingii kwenye ukoo kwa kuzaliwa tu. Mzee huchukua funda la mbege, humpulizia mtoto kifuani, mbege na mate pamoja, kisha hutamka jina lake watu wakisikia. Hapo ndipo anakuwa wetu. Mimi nilifanyiwa hivyo, na baba yangu pia. Niliwahi kuandika makala kuhusu mila hiyo, yenye tanbihi nyingi kuliko aya, na ilisifiwa na watu wawili.

Babu anakunywa. Anamfikia wa kwanza, anavuta pumzi, anapuliza. Hakuna kitu. Unatoka mlio mkavu tu, kama mtu anayekanyaga majani ya mgomba yaliyokauka. Anachota tena, anakunywa, anapuliza. Hakuna. Anapita mtu mmoja mmoja, na kila mmoja anabaki na kifua kikavu, mpaka ananifikia mimi. Anafungua mdomo ili nione. Ulimi umepasuka kama udongo wa kiangazi.

"Umeyaweka wapi mate yangu?"

Mifuko ya kaptura yangu imejaa vichupa. Vinagongana. Nikisogeza mguu vinalia.

"Babu, ni sayansi," nasema.

"Nimekuuliza umeyaweka wapi. Jina lake sikukuuliza."

Nataka kumjibu, lakini tuko chumbani kwake, chumba cha nyuma chenye dirisha dogo. Amelala kitandani, upande mmoja wa mdomo umelegea, kama alivyokuwa ile miaka miwili ya mwisho baada ya kupooza. Mate yanamtoka, yanateremka shingoni, na Baba mdogo Ndewario amekaa kwenye kigoda na kitambaa, anayafuta. Anafuta, anasuuza kitambaa kwenye beseni, anakamua, anafuta tena. Hanitazami. Miaka ile miwili mimi nilikuja mara mbili, mara ya pili na kinasa sauti, nipate masimulizi ya mzee kabla hayajapotea. Kinasa sauti kiko mkononi mwangu hata sasa, na kinawaka.

Gilbert anaingia bila kubisha. Ana futi kamba, ile ndefu ya wapima viwanja. Anaishikiza ukutani, anaivuta, inapita juu ya kitanda, juu ya kifua cha Babu, na Baba mdogo anainamisha kichwa ili ipite.

"Shika huko, Mratibu," Gilbert ananiambia.

Nami nashika! Hilo ndilo linalonitia uchungu mpaka leo. Nimeshika ncha ya futi kamba juu ya kitanda cha babu yangu, nikisoma namba kwa sauti nzuri.

Babu anaketi. Mdomo wake umenyooka. Sikuwahi kumwona amekasirika alipokuwa hai. Alikuwa mtu wa kuguna tu. Sasa shingo imemsimama mishipa, na futi kamba inakatika kifuani pake kama uzi.

"Mtoto huyu nilimpa jina mbele ya watu na mbele ya ng'ombe. Wewe nani amekutuma ukanihoji nyuma ya mgongo wangu?"

Na mimi nina hasira yangu, sikwenda nayo kulala bure. Napiga kelele, sauti yangu nyembamba kama ya mtoto wa darasa la pili. "Mlitufundisha mababu tisa! Mlitufundisha jina! Kwa nini mlituficha?"

"Hatukuficha," anasema Babu. "Tulimaliza."

Baba mdogo anakamua kitambaa. Maji yanadondoka kwenye beseni, tone moja moja, na ndiyo maji pekee katika nyumba nzima.

Babu ananyoosha mkono, kiganja wazi. Natoa vichupa mfukoni, navifungua kimoja kimoja nimrudishie. Cha kwanza kina vumbi. Cha pili kina vumbi. Nafungua vyote vinane, vidole vinaniuma, na kiganja cha Babu kinajaa vumbi, naye anazidi kukinyoosha. Kisha anakikung'uta juu ya miguu yangu, anavaa koti, anafunga vifungo vilivyobaki. Mlangoni anageuka.

"Mpelekee isale. Na umwambie mwanangu Ndewario: siku ile ya jina sikuwa nimelewa."

Niliamka kinywa kikavu kiasi kwamba ulimi ulinata juu. Nilikunywa maji glasi mbili nimesimama jikoni, nikiwa na hasira bado, ila ilikuwa imehama. Ilikuwa imetoka kwa marehemu na kuhamia kwangu, na sehemu yake kubwa ilikuwa njiani kuelekea kwa Gilbert.

Kulikuwa kumekucha. Kwenye simu ujumbe wake ulikuwa unanisubiri: "Mratibu vipi, umelala na majibu?" Nililifungua jedwali langu, nikalitazama lilivyopangika vizuri, nikalifuta. Niliwaandikia watu wa maabara waharibu vichupa vyote na kumbukumbu zake. Kisha nikaandika kundini: "Mradi umefungwa. Majibu hayatasomwa kikaoni wala popote. Anayetaka kile kihamba aende kaburini akamwambie Babu kwamba siku ile alikuwa amelewa." Gilbert akajibu kwa alama za kuuliza, nyingi. Shangazi Aikaeli, ambaye kundini haandikagi kitu, akatuma dole gumba.

Ilibaki isale. Ni ule mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani na makaburini. Aliyekosa akija na jani lake mkononi, aliyekosewa hana ruhusa ya kukataa kusamehe. Huku Dar es Salaam isale nimeiona kwa wauza maua kando ya barabara, kwenye vyungu vyenye rangi, watu wananunua wapambe sebule. Nilifikiria kununua chungu kimoja na kupanda nacho basi. Ndiyo, nilifikiria hivyo kweli.

Nilimpigia Baba mdogo. Alipokea, na nyuma yake nilisikia panga likikata majani ya ng'ombe.

"Shikamoo, Baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mapema, kuna mgonjwa?"

"Hakuna. Nimetumwa."

"Na nani?"

Nilishindwa kulitamka kwa namna ya mtu aliyesoma. "Na Babu."

Panga likanyamaza. Nilimweleza yote, mate na vichupa, jedwali na Gilbert, futi kamba na mimi nilivyoishika. Nilipofika mwisho nikampa maneno yake kama nilivyopewa, kwamba siku ile hakuwa amelewa.

Nilisikia ng'ombe akilia, anadai majani yake.

"Mama aliniambia nikiwa darasa la nne," alisema mwishowe. "Nikaenda kumuuliza mzee. Akaguna tu, akanipa kamba nikamlete ndama. Miaka yote hii nimekuwa nikijiuliza lile guno lilikuwa na maana gani." Akapenga kamasi. "Alikuwa na lile koti?"

"Alikuwa nalo. Kifungo cha juu bado hakipo."

"Kifungo ninacho mimi. Sikuwahi kukishona."

Nilimwambia kwamba Ijumaa napanda basi, nitafika kabla ya kikao, nitapiga magoti mbele ya watu wote na isale mkononi. Nikamwambia pia kuhusu wauza maua. Hapo akacheka, kicheko kile cha siku ya kichupa, na nikasikia panga limeanza tena.

"Acha mambo ya vyungu, mwanangu. Njoo mikono mitupu. Isale nitakukatia mwenyewe, ipo pale mpakani alipoipanda mzee."