Kuta za Njano

Miaka ile kompyuta zilipoanza kuzagaa Dodoma, nilikuwa mchoraji wa ramani za majengo, na hakuna kilichonipa majivuno kama faili za kuchapia, zile zinazoielekeza mashine ichape vipi kila mstari. Ziko za aina mbili: moja huupa mstari unene kwa kufuata rangi yake, nyingine kwa kufuata jina la mtindo uliopewa. Mimi nilitumia ile ya rangi. Kuta nilizichora njano, maana kwenye kioo cheusi cha kompyuta njano inawaka, na faili ndiyo iliyoigeuza kuwa wino mweusi mnene.

Ramani ya wazee wa kamati ya msikiti, kule Nzuguni, niliichapisha dukani mjini. Disketi ilikuwa na mchoro tu. Faili ya rangi ilibaki ofisini. Nikaikunja karatasi bila hata kuikagua. Mtaalamu mzima!

Wazee walikuwa wamenipikia pilau. Waliomba dua kwanza, mikono juu, ndipo karatasi ikatandazwa mkekani. Milango na madirisha vikaelea peke yake. Kuta zilichapika njano vilevile, nyembamba, na juu ya karatasi nyeupe, pale nje juani, hazikuonekana. Miwani moja ikazunguka mkono kwa mkono.

“Mashallah,” akasema mwenyekiti wao. “Ni macho yetu tu yamechoka, mwanangu.”

Nikawaambia kosa ni langu, kuta hazikuchapika sawasawa. Wakatazamana, wakatabasamu, wakasema kijana huyu ana adabu, anawasitiri wazee. Kisha wakaniongezea nyama.