Rudi Nyumbani, Upande wa Kushoto

Nilijifunza kusoma mara mbili, na mara ya pili nusura inivunjie ndoa.

Mara ya kwanza ilikuwa chuoni, utotoni, juu ya jamvi. Huko nilisoma herufi za Kiarabu, kutoka kulia kwenda kushoto, na nikahitimu vizuri. Kisha nikaolewa Temeke na mwanamume aliyesoma shule ya serikali, anayeandika kwa herufi za Kizungu, ambazo mbele yake mimi nilikuwa kipofu. Alikuwa mpishi wa bwana mmoja wa Kizungu, na bwana alipohamishiwa Tanga naye akaenda. Barua yake ya kwanza nilisomewa na fundi cherehani wa mtaani, kwa sauti, mbele ya wateja wake. Kufika jioni mtaa mzima ulijua kwamba mpishi wa Wazungu anaota mchuzi wa mkewe. Nikaapa kwamba ya pili nitaisoma mwenyewe.

Aliyenifundisha alikuwa jirani yetu, Mkristo kutoka bara, mke wa karani, mtu mzima kuliko mimi, aliyewahi kufundisha misheni kabla ya kuolewa. Alitukusanya wanawake wanne barazani kwake kila baada ya adhuhuri, vyungu vikishaoshwa. Lafudhi yake tuliicheka, naye akaicheka miandiko yetu.

Alikaa akinikabili, kitabu nimekishika mimi, wala hakukitazama. Alitazama macho yangu. Nilimwambia jicho huteleza tu juu ya mstari, kama maji mferejini.

"Wapi," akasema. "Jicho linaruka, linatua, linaruka tena, kama kuku anayedonoa mtama. Na kuku wako wewe anaacha punje nyingi."

Alisema ninaona kichwa cha neno, mkia najitungia. Kwa Kiswahili hilo ni balaa, maana maneno yetu mengi yana kichwa kimoja: nimekuandikia, nimekuambia, nimekukumbuka. Habari yenyewe iko nyuma.

Kosa langu jingine nilitoka nalo chuoni. Nikifika mwisho wa mstari, upande wa kulia, jicho halikurudi kushoto. Lilishuka palepale kulia, mahali ambapo tangu utoto wangu ndipo mstari ulipoanzia. Basi mwalimu akakata kipande cha boksi la sabuni, akawa anakiweka chini ya mstari ninaousoma, na kila ukiisha ananiambia, "Rudi nyumbani." Nyumbani ni kushoto. Siku moja alilisema mara nyingi hadi nikanuna, nikamwambia basi naenda kweli nyumbani kwangu. Akasema nitakwenda nikimaliza ukurasa.

Nilikuwa na miezi mitatu ya masomo barua ya pili ilipofika. Nilijifungia chumbani, nikaifungua kwa maringo. Salamu nilizimaliza bila taabu. Kisha nikakuta: "Mke wangu, nimekuach". Karatasi ikaishia hapo. Mume wangu hakuwa mtu wa kuacha pambizo. Aliandika hadi ukingoni, na neno lisipoenea alilikata popote. Jicho langu likashuka palepale kulia, likakuta: "kwa mama."

Nimekuacha. Kwa mama.

Siku hizo talaka kuja kwa barua halikuwa jambo geni, na mume wangu alikuwa na miezi saba Tanga. Sikusoma zaidi. Nilifunga nguo zangu kwenye kanga, nikatoka kwenda Ukonga kwa mama yangu, kwa miguu. Mama mkwe alikuwa uani akipepeta mchele, nami sikumuaga, kwa hasira kwamba lazima naye alijua.

Njia ilipita mbele ya baraza ya mwalimu, naye alikuwa amekaa hapo.

"Shikamoo, mama," nikasema bila kusimama.

"Marahaba. Unakwenda wapi na furushi jua kali hivi?"

"Nimeachwa."

"Nani kakwambia?"

"Nimesoma mwenyewe."

Akanyoosha mkono, nikampa barua. Niliyaona macho yake yakiruka mara mbili tatu, akawa amemaliza. Angeweza kunisomea tukayamaliza palepale. Badala yake aliingia ndani, akatoka na kile kipande cha boksi, akakiweka chini ya mstari.

"Soma."

"Mie siwezi tena, mama."

"Soma, mwanangu."

Nikasoma. Mke wangu. Ni-me-ku-ach. Jicho lilikuwa limeshashuka kulia, linalengwalengwa na machozi. Akanishika kidevu, akakigeuza taratibu upande wa kushoto.

"Rudi nyumbani," akasema.

Kushoto palikuwa na herufi mbili, zimekaa peke yake. "Ia ufunguo wa sanduku kwa mama." Nimekuachia. Kabla ya kuondoka alininunulia doti ya kanga, akaifungia sandukuni nisiivae kabla ya Idi, na ufunguo akamwachia mama yake.

Nililia barazani pale mpaka wanafunzi wenzangu wakatoka majumbani mwao. Mwalimu hakumwambia hata mmoja. Alisema tu kwamba nimesoma barua nzima mwenyewe, na kwamba wengine hulia. Nilirudi nyumbani na furushi langu, na mama mkwe akanipa ufunguo bila kuniuliza nilikotoka. Namshukuru naye, Mungu amrehemu, maana nina hakika furushi aliliona.

Mwaka uliofuata karani akahamishwa kwenda bara, na mwalimu akamfuata mumewe. Alikuja kuniaga alfajiri, mizigo ikiwa tayari imepakiwa, akanitia mkononi kipande cha boksi, akaondoka haraka. Uchungu ulinikaa wiki nzima. Barua ya kwanza niliyoiandika maishani mwangu kwa herufi hizo ilikuwa yake yeye, na baada ya salamu nilianza na lawama: "Mama, umeniacha."

Nikakiweka kile kipande chini ya mstari, kama alivyonizoesha, nikasoma taratibu hadi mwisho wa neno. Kisha nikachukua kalamu, nikabana herufi moja katikati ya h na a.