Kaburi Lisilo na Maiti Kihambani Kwangu

Nilirudi kutoka sokoni Kiboriloni nikakuta msiba nyumbani kwangu, huku Uru.

Na kwangu hakuna aliyekufa.

Wanawake wameketi kwenye majani ya migomba. Jirani yangu Dainess kashika kilo ya sukari, macho mekundu.

"Pole, Mama Eunike. Mbona hukutuambia?"

"Niwaambie nini?"

Akanionyesha kwa kidevu kule nyuma, karibu na alipolala marehemu mume wangu, Gerson. Kuna tuta la udongo mbichi, limezungushiwa miche ya isale.

Nikachoka palepale. Nikatua tenga.

Ngojeni niwaeleze. Wiki moja nyuma alikuja binti wa chuo, Ndelilio, akaomba kufukia chombo kihambani, kwenye shamba langu la migomba. Alinielewesha taratibu. Bara letu linapasuka, polepole mno. Kwingine lilishapasuka zamani, bahari ikaingia kati. Hapa wanataka kujua gamba la dunia lina unene gani, na mwamba wa chini yake una joto kiasi gani. Tetemeko likipiga mbali, mtikisiko wake unapita chini kwa chini hadi kwetu. Kwenye mwamba wa moto unachelewa, kwenye mgumu unawahi. Chombo kinasikiliza.

"Kazi yako mama ni moja," aliniambia. "Watu wasikanyage karibu."

Basi nikapanda isale kuzunguka. Wachagga hatuvuki isale hovyo.

Nilichosahau ni kwamba makaburini pia tunapanda hiyohiyo.

Niliwaeleza yote hayo. Wakatazamana.

"Mashine inasikiliza udongo," alisema shemeji yangu Elimringi, jembe begani. "Shemeji, hiyo kawadanganye watoto."

Huyu ni mdogo wake Gerson. Amekitaka kihamba changu tangu tulipozika, kisa nimezaa mabinti tupu. Siku hiyo aliona mlango umefunguka.

"Umezika mtu baki kwenye ardhi ya ukoo. Tunafukua, halafu unafungasha."

"Fukua. Ila ukikosa maiti, utatamka mbele za watu kwamba kihamba ni changu."

"Natamka hata kanisani."

Nikakaa kwenye kigoda. Sikuomba kwa sauti. Nilimwambia Mungu tu kwamba nimechoka, na Yeye anajua.

Watu wakamzunguka Elimringi, wanasukumana, kila mtu anataka kuona. Jembe likagonga kitu. Likatoka pipa la plastiki, ndani yake chombo kama sufuria, na waya.

"Elimringi," mtu akasema nyuma, "mpe pole marehemu."

Watu wakaangua kicheko. Shemeji akaondoka bila kuaga, bila kutamka chochote.

Jumapili, baada ya ibada, akanifuata nje ya kanisa pamoja na mzee wa kanisa. Mkononi ana jani la isale. Huku kwetu ukiletewa hilo, huna ujanja, unasamehe.

Nikaligeuza. Lina mkato wa panga langu, nililipunguza mwenyewe siku ya kupanda.

"Shemeji, hata jani la kuniombea msamaha umechuma kwangu?"

Waumini wamesimama, wanasikiliza. Akainamisha macho.

"Kihamba ni chako," akasema. "Na isale ni yako."

Nikalipokea. Ningefanyaje, na muda si mrefu nilikuwa nimesali Baba Yetu?

Nilidhani yameisha. Ndelilio akaja kufukia chombo upya, akafungua kompyuta, akakunja uso.

"Mama, siku ile lilipiga tetemeko kubwa ng'ambo ya bahari. Vituo vingine vyote vimelisikia. Hapa kwako tumepata miguu ya watu tu, kisha pu, kikazima." Akanionyesha mistari imejaa weusi. "Walikuwa wengi hivi?"

"Wengi, mwanangu. Kuliko waliokuja kumzika Gerson."

Akanishika mkono.

Ndugu yangu unayesoma, kabla hujalia kwa mwenzako, piga hodi umuulize. Na kama unao mguu wa kukimbilia kaburi usilolijua, basi siku moja upitishe kwa mjane, angali hai.

Mimi isale nimeing'oa. Nimezungusha senyenge.